Y ya Mzee Kimani

Vijana wangu, kazi nimestaafu, lakini mdomo wangu haujastaafu kushangaa. Miaka yote ile nikichungulia kromosomu za watu kwenye hadubini, hapa Minneapolis, nilidhani siku moja nitazoea. Nesi huzoea damu, mchinjaji huzoea kisu. Mimi sikuzoea. Na sasa, nikiwa nimekwisha vua koti jeupe na kujikalia zangu na bustani ya mchicha Brooklyn Park, nimepigwa na butwaa kuliko siku zote nilizokuwa kazini. Ndiyo maana nawaandikia.

Nawaandikia hasa ninyi mnaonijibu kwa Kiingereza nikiwasalimu kwa Kiswahili baada ya ibada. Najua mnaelewa, msijifanye. Mama zenu wameniomba niwasimulie kazi yangu ilikuwa nini, kwa sababu baadhi yenu mnasomea sayansi. Mmoja wenu aliniuliza pale kwenye ukumbi wa kanisa, sambusa mkononi, kama ni kweli nilikuwa nalipwa kupima kama wanaume ni wanaume. Nilitaka kumkanya, kisha nikaona hajakosea sana.

Nilifika huku kutoka Same nikimfuata mume wangu aliyekuwa mwanafunzi, nikasoma, nikaajiriwa maabara. Aliyenifunza kazi alikuwa Arlene, mama wa asili ya Kinorwe, mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Mnawajua watu wa Minnesota. Ukiwapikia chakula kikawa hakiliki, hawasemi ni kibaya, wanasema "ni tofauti." Arlene aliniambia "hii ni tofauti" mwaka mzima wa kwanza, na mimi nikidhani ananisifu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Damu inakuja kwenye kijichupa. Unazilisha chembe zake siku kadhaa kwenye joto la mwili mpaka zianze kugawanyika, halafu unazitilia dawa ya kuzisimamisha hapo hapo katikati ya kugawanyika, kwa sababu ndipo kromosomu hujikunja zikaonekana. Unaziwekea maji ya chumvi hafifu zivimbe. Kisha unachukua tone moja na kulidondosha kwenye kioo, chembe zipasuke na kromosomu zitawanyike vizuri. Hapo kwenye kudondosha ndipo palipokuwa na ufundi. Januari ya huku mnaijua, hewa kavu mpaka midomo inapasuka. Tone likikauka haraka, kromosomu zinabaki zimerundikana, husomi kitu. Nililia mbele ya vioo vile, nikidhani kosa ni la mkono wangu. Arlene akaja na birika la umeme, akalichemsha kando ya meza, mvuke ukatanda, akaniambia, "Dondosha sasa." Zikatawanyika zikatulia, naweza kuhesabu. Mpaka leo nikiona mashine ya mvuke chumbani kwa mtoto mwenye mafua, mkono wangu unatafuta kioo.

Zamani hizo hakukuwa na kompyuta ya kupanga. Tulipiga picha, tukaisafisha kwenye chumba cha giza, tukakata kila kromosomu kwa mkasi na kuibandika na mwenzake, jozi kwa jozi, kubwa mpaka ndogo. Mwisho unabandika zile mbili za jinsia: X mbili, au X na Y. Y ni kijitu kidogo sana. Siku moja nilipiga chafya, Y ya mtu ikapotea. Tulitambaa sakafuni mimi na Arlene, watu wazima, tunaitafuta. Nilikuja kuikuta jioni nyumbani naosha vyombo, imenata kwenye sweta yangu. Arlene alipoiona kesho yake alisema, "Usipige chafya kabla ya kuhesabu." Hakucheka. Akaenda kucheka ofisini kwake, nikamsikia.

Sasa niwaambie mshituko wangu wa kwanza. Ilikuja damu ya binti wa kutoka upande wa Anoka. Kigori, kifua kimeota, hedhi haijamjia. Nikaiandaa damu yake, nikadondosha, nikahesabu. X na Y. Nikajua nimechanganya vichupa. Nikarudia kwa damu mpya, jasho linanitoka wakati nje theluji inafika magotini. X na Y. Nikamwendea Arlene kama mwizi aliyekamatwa, nikamwambia nimeharibu. Akakaa kwenye hadubini yangu, akatazama taratibu, akasema, "Hukuharibu. Kaa chini." Nikakaa.

Alichonieleza siku hiyo nitawaeleza kama nilivyokielewa, na mkikielewa ninyi, basi mmeelewa kazi yangu yote.

Mtoto akiwa tumboni, wiki zake za mwanzo kabisa, si wa kike wala wa kiume. Ana tezi mbili ndogo ambazo hazijaamua kitu. Ana pia jozi mbili za mirija: moja inaweza kuwa mfuko wa uzazi, nyingine inaweza kuwa njia za mbegu za kiume. Ni kama fundi amejenga nyumba akaweka mabomba ya aina mbili, akingoja aambiwe lipi libaki na lipi ling'olewe. Kwenye Y kuna jeni moja, inaitwa SRY. Inawaka kwa muda mfupi tu, inaamsha jeni nyingine, nazo zinazigeuza zile tezi kuwa korodani. Kama haipo, msidhani mtoto anakuwa msichana kwa kukosa cha kufanya. Kuna jeni nyingine zinazoshika kazi ya kujenga ovari, na zinazizuia zile za upande wa pili zisiingilie. Arlene, mtu wa maneno machache, alikuwa anapandisha sauti akisikia mtu anasema msichana ni mvulana aliyepungukiwa.

Korodani zikishajengwa hutoa ujumbe wa aina mbili. Wa kwanza unasema, ng'oa bomba la mfuko wa uzazi. Wa pili ni homoni ya kiume, inasema, jenga mwili wa kiume. Lakini homoni ni mgeni, inabisha hodi. Lazima kila chembe ya mwili iwe na bawabu wa kuifungulia. Na jeni inayomtengeneza bawabu huyo haiko kwenye Y. Iko kwenye X, ile ambayo mtoto mwenye Y anaipata kwa mama.

Bawabu asipokuwepo, homoni inabisha mpaka inachoka. Mwili wa nje unajijengea wa kike, msichana kamili, na mara nyingi mrefu mwenye ngozi safi. Mfuko wa uzazi hana, kwa kuwa ule ujumbe wa kwanza ulifika na ukatiiwa. Korodani zimejificha ndani. Hatapata hedhi, hatashika mimba, na bila kupimwa anaweza kuzeeka asijue kwa nini. Huyo ndiye aliyekuwa binti wa Anoka.

Nilirudi nyumbani sikula. Mume wangu akaniuliza nani kafa.

Baadaye nikakutana na kinyume chake. Mwanamume mwenye ndevu, mke wake hashiki mimba, damu yake ina X mbili, Y hakuna kabisa. Wakati huo tulikuwa tumepata rangi za kung'aa, unaitia alama jeni unayoitafuta, nayo inawaka kama taa ndogo gizani. Nikaitafuta SRY. Ile taa ikawaka kwenye ncha ya X. Jeni ilikuwa imehama nyumba tangu kwa baba yake, ikapanda kwenye X, ikafanya kazi yake huko huko ugenini. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja. Arlene akamwambia, "Muache. Hivi ndivyo anavyofanya kazi."

Haya. Nimewapitisha huko kote ili niwafikishe kwa Njoroge na Muthoni. Majina si yao, na Muthoni amesoma kila mstari kabla yenu. Mistari miwili aliikata.

Njoroge anaendesha malori. Muthoni anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee Woodbury. Wakenya, Wakikuyu, tunasali pamoja. Mimi ni Mpare, kwetu pia tunarithisha majina ya wazee, lakini Wakikuyu wamelifanya jambo hili kuwa sheria ya nchi. Mtoto wa kwanza wa kiume ni jina la baba wa baba. Wa kwanza wa kike ni jina la mama wa baba. Wanafuata wa upande wa mama, kisha mashangazi na wajomba, kwa zamu. Na si jina tu. Huyo mtoto ndiye yule mzee. Bibi akipata mjukuu mwenye jina la mumewe, humwita mume wangu, humtania, humnunia, humwuliza jana alilala wapi.

Mzee Kimani, baba yake Njoroge, alikuwa amefariki, na Njoroge ndiye mtoto wake pekee. Muthoni aliposhika mimba wakafanya kile kipimo cha damu ya mama cha mapema. Katika damu ya mjamzito huwa vinaelea vipande vya vinasaba vya mimba, na mashine inavitafuta. Kipimo kikarudi kikisema mvulana. Njoroge akampigia mama yake simu Nyandarua, akamwambia, "Mum, Mzee anarudi." Cucu Wairimu, ndivyo tulivyomwita wote, maana cucu ni bibi kwao, akatafutiwa viza akaja na soksi za sufu alizofuma mwenyewe.

Altrasaundi ilipofanywa, mtoto alibana miguu kama mwali mbele ya wakwe. Mpimaji akataka kurudia, Muthoni akamwambia asijisumbue, tunajua tayari. Kwani walikuwa na kipimo cha damu! Ile sherehe ya kumsubiri mtoto, bebi shawa, ilikuwa na keki imeandikwa "Karibu nyumbani Mzee Kimani." Cucu aliweka kiganja kwenye tumbo la Muthoni akamkemea mumewe kwa kupiga mateke. "Bwana yangu, hata huko hutulii?" Ukumbi ulivunjika mbavu. Mimi nilicheka nikaomba kipande cha pili.

Akazaliwa msichana.

Njoroge alinipigia nikiwa napalilia. Sauti sikuitambua. "Mama Neema, hawa watu wame-switch mtoto wetu. Niko na report hapa, report inasema boy. Sasa hii ni nini wametupea?"

Nilikwenda hospitali na matope ya bustani kwenye viatu. Cucu Wairimu alikuwa kwenye kiti, amekipa kitanda kidogo cha mtoto mgongo. Zile soksi zilikuwa kwenye mapaja yake. "Mimi nilikuja kuona bwana yangu," aliniambia bila kugeuka. "Huyo si yeye. Sijui ni wa nani, arudishwe kwa mamake."

"Mamake ni mimi," Muthoni akasema kitandani. Macho yamemvimba. "Mama Neema, sikuwa nimelala. Nilimwona akitoka. Ni huyu. Hakuna mahali aliendea bila mimi kumwona."

Njoroge akasema hatampakia kwenye gari lake mtoto wa mtu mwingine, na tayari amempigia wakili. Mtoto alikuwa na kikanda cha mguuni chenye jina la mama yake tu. Yeye mwenyewe jina hakuwa nalo, na hakuna aliyekuwa tayari kumpa. Jina la Kimani haliwezekani. Jina la Wairimu, mwenye jina amekataa hata kumtazama. Nilimshika mimi. Alikuwa na nywele nyingi na alinitazama kwa jicho moja.

Na ninyi msinione mjanja. Wazo langu la kwanza lilikuwa lile lile la zamani: vichupa vimechanganywa. Nikaikasirikia maabara nisiyoijua, nikasema kimoyomoyo, vijana wa siku hizi na mashine zao. Ni pale nilipokuwa nambembeleza mtoto ndipo ikaniingia, na nusura nimwangushe. Kile kipimo kilikuwa kimeona vipande vya Y. Hicho tu ndicho kilichoona. Kutoka Y mpaka mvulana kuna njia ndefu, na mimi ndiye niliyekula mkate kwa miaka kwa kuijua njia hiyo. Na nilikula keki.

Madaktari walikuwa wameshafika huko bila msaada wangu, na damu ya mtoto ilikuwa imekwisha chukuliwa. Siku za kungoja majibu ndizo zilizokuwa mbaya. Muthoni alirudi nyumbani na mtoto kwa gari la rafiki, Njoroge akifuata nyuma na lake, kiti cha mtoto kitupu. Nyumba ile ya vyumba viwili ikawa kimya kama pamefiwa. Cucu alipika uji wa mzazi, akaosha nguo zote, hata nepi za kitambaa, lakini mwenye nepi hakumgusa. Nilimwuliza kama anamwogopa. Akanijibu, "Nikimshika nitamzoea, halafu waje kumchukua."

Basi kumbe nilikuwa nimemfikiria vibaya. Nilidhani ni ukaidi.

Majibu yalipokuja tulikwenda wote Saint Paul, mimi nikiwa mkalimani wa Cucu. Daktari alikuwa binti mpole, anavuta kiti karibu kabla ya kusema. Kwanza akawaambia mtoto ni wao, kwa baba na kwa mama, kumepimwa, hakuna shaka. Njoroge akainamisha kichwa. Kisha akasema kromosomu zake ni X na Y, mfuko wa uzazi hana, na jeni ya bawabu ina kasoro. Akachora. Alichora vizuri kuliko Arlene.

"Kwa hivyo ni kijana ama ni msichana?" Cucu akaniuliza.

Nikamfikishia daktari swali. Daktari akasema huyu ni msichana, na atakua msichana, na hakuna haraka ya kumpasua popote. Kitu kimoja tu aliwasihi: asifichwe. Aambiwe ukweli kidogo kidogo kadiri anavyokua, asije akaupata kwa mtu baki.

Cucu akaukodolea macho ule mchoro. Halafu akaweka kidole juu ya Y. "Na hii? Hii imetoka wapi?"

"Kwa Njoroge," nikamwambia. "Haiwezi kutoka kwingine."

"Na Njoroge aliitoa wapi?"

Mkalimani hatakiwi kujibu mwenyewe. Nilijibu. "Kwa baba yake."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Miaka yote nimeitazama Y, nimeikata, nimeibandika, nimeipoteza kwenye sweta. Haijawahi kunijia kichwani kwamba mtu anaweza kuiona akamtambua mumewe.

"Kwa hivyo Kimani alikuja," akasema.

"Alikuja, Cucu. Alibisha hodi, hakufunguliwa."

Njoroge hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, lori zima la mtu, na daktari akamsogezea boksi la karatasi laini. Muthoni hakulia. Alikuwa ameganda, kwa sababu daktari alikuwa amemgeukia yeye na kumwuliza jambo, kwa upole ule ule: jeni hii husafiri upande wa mama, je, kwenu kuna mwanamke yeyote ambaye hakuwahi kupata hedhi, hakuzaa?

"Tata," Muthoni akasema. "Yaani aunt yangu. Tata Wangeci."

Tata Wangeci ni dada mkubwa wa marehemu mama yake, na ndiye aliyemlea. Mrefu, mzuri, ngozi yake mpaka uzeeni haijui chunusi. Aliolewa na mfanyabiashara wa Nyahururu. Miaka ikapita hakushika mimba, wakwe wakaita waganga, wakaita wachungaji, kisha akarudishwa kwao na sanduku lake. Pakasemwa amelaaniwa. Kijijini palikuwa na wanawake waliokuwa wakimwona anakuja, wanawafunika watoto wao wachanga, wasije wakaangaliwa na tasa. Na kwa kuwa hakuzaa, hakuwa na wajukuu wa kumrithi jina, na ile zamu ya mashangazi haikuwahi kumfikia, maana ndugu zake walizaa wavulana tupu isipokuwa Muthoni. Jina lake lilikuwa linaisha naye.

Daktari alisema hawezi kuapa bila kumpima, lakini inawezekana sana. Akasema pia si lazima aambiwe, ni hiari. Muthoni akajibu kwenye ngazi, kabla hata hatujafika kwenye gari, "Ataambiwa. Huyo mama amekula lawama ya kutosha."

Wakampigia asubuhi iliyofuata, simu ya picha, kule ikiwa jioni. Mimi niliitwa niwe karibu, kwa maswali. Tata Wangeci alikuwa shambani kwake, kabichi nyuma yake, kofia ya sufu kichwani. Muthoni alimweleza kwanza kwa Kikuyu, akikwama ananiachia mimi kwa Kiswahili. Nilimweleza habari ya mabomba na bawabu. Nilimwambia huenda na yeye alizaliwa hivyo, na kwamba imepita kwa mama yao, ikampitia dada yake, ikampitia Muthoni, bila mtu yeyote kutenda kosa lolote.

Tulisikia ng'ombe.

"Kwa hivyo si laana," akasema mwishowe.

"Si laana, dada yangu."

"Na si kitu nilifanya."

"Hakuna ulichofanya."

Nilijiandaa kumbembeleza. Akaangua kicheko. Alicheka akishika kofia, na mimi huku nimebaki mdomo wazi. "Wewe! Unajua dawa za miti nimekunywa? Unajua hizo chungu vile zilikuwa? Mpaka maini iliniuma!" Kisha kicheko kikamgeuka njiani, akajifuta kwa mkono wenye udongo, akaacha alama shavuni. Hakuna aliyemwambia.

"Na huyo mtoto," akauliza, "mnamwitaje?"

Njoroge aliyekuwa ameshika simu akatazama sakafu. Muthoni akamtazama mumewe. Sote tulijua zamu ni ya nani. Msichana wa kwanza ni Wairimu, hakuna mjadala, na Cucu hakuwa na mjukuu mwingine duniani. Nilisubiri adai haki yake, na angeidai nisingemlaumu.

Cucu Wairimu alikuwa dirishani. Akaja, akanipita, akainama kwenye kitanda kidogo. Kwa mara ya kwanza akamwinua yule mtoto, akamweka begani kwa mkono wa mtu aliyelea, akamvalisha zile soksi, moja, na nyingine, bila haraka. Zilikuwa kubwa.

"Kimani ashaingia kwa hii nyumba," akasema. "Daktari ameniambia, na huyu Mtanzania ameniambia. Hahitaji kuitwa ndio ajue ni kwake. Na mimi niko na kijana, na kijana yangu bado atazaa. Mimi naweza kungoja."

"Mum," Njoroge akaanza.

"Nyamaza. Shika simu vizuri, anaona dari."

Njoroge akashika simu vizuri kwa mikono miwili. Cucu akamgeuza mtoto uso ukaelekea kwenye kioo cha simu, akamsogeza mpaka pua nusura iguse, na akamwita kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya shamba:

"Wangeci!"

"Niko hapa," akaitika Tata kutoka kwenye kabichi zake, kabla hajajua kwamba si yeye aliyeitwa.